Anzeni na Futikamba, Si Kalamu

Mwalimu wa usanifu majengo anayewapeleka wanafunzi Lamu, mji ulioingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, asiwaruhusu kuchora siku ya kwanza, bali awape futikamba wapime vyumba vya nyumba kongwe. Wataona kwamba ni virefu lakini vyembamba, kwa kawaida chini ya mita 3, kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, ambazo hazimudu nafasi pana zaidi. Kisha wakae dakani, yaani kwenye ukumbi mdogo wa mlangoni wenye mabaraza, watambue jinsi mgeni anavyopokewa bila kuona ndani. Ndipo wabuni nyumba ya leo; mchoro unaonakili milango ya nakshi tu (kishawishi kikubwa, nakiri) urudishwe.