Kabla hujaweka onduleri kubwa nyumbani, hesabu kwanza saa za umeme

Wengi muko mnaniuliza juu ya onduleri kubwa ya nyumbani, ile wengine wanaita UPS, mashini yenye batri inayoendelea kutoa umeme wa ukutani ukikatika, ya kubeba kompyuta mbili tatu na ruta ya intaneti. Basi naandika yote mara moja, na naomba usome mpaka chini kabla hujatoa pesa, juu mimi nilitoa kwanza nikauliza baadaye.

Hesabu wati. Siyo VA, wati. Mbele wameandika 3000 kwa herufi kubwa, hiyo ni VA, yaani volti mara ampea, geuza mashini uangalie nyuma, utakuta mara wati 1800, mara 2400, mara 2700, na hiyo ndiyo nguvu yenye utapata. Kompyuta ya mezani na skrini yake inakula kama wati 150 kwa kazi ya kawaida, laptopu kama 50. Kama kazi yako laptopu inaiweza, chukua laptopu, nusu ya shida nitakazosema hapa hazitakufikia. Printa ya leza usiichomeke humo, inapopasha moto inavuta karibu wati elfu moja kwa mara moja. Pasi na birika ya umeme usiulize hata.

Uzito. Batri moja ya volti 12, 100Ah (Ah ni ampea mara saa, kipimo cha umeme batri inaweza kubeba), inafika kilo 30, sita ni kilo 180, na sisi huku Bukavu, mashariki ya Kongo, nyumba nyingi ni za mbao na ziko kwenye mteremko. Weka chini kwenye saruji, fasi yenye maji ya mvua hayaingii, mbali na mbabula, lile jiko la makaa, na isiwe chumba wanalala watoto: batri za maji zikichaji zinatoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto, zinataka dirisha.

Tere, ile waya ya kupeleka umeme uliovuja ardhini: prizi ina matundu matatu lakini nyuma ya ukuta kuko waya mbili tu. Fundi achimbe, aweke chuma ardhini, apime mbele yako.

Sasa tufike kwa chaji, maana hapa ndipo nilipoteza pesa ya likirimba, ule mchango wa kupeana pesa kwa zamu, ya mwaka mzima.

Nilinunua onduleri ya mitumba ya 3000 VA, nzuri kabisa, haina kosa. Ndani ilikuwa na batri ndogo sita za 9Ah, zimechoka. Fundi akaniambia tutoe hizo, tuunge nje batri sita kubwa za 100Ah, zikiungana zinatoa volti 72 ileile mashini inataka, halafu utafanya kazi usiku mzima. Na kweli, wiki za kwanza tulifurahi sana, mtaa wote giza na sisi tunafanya kazi, watoto wanasoma. Mwezi wa pili tukapata saa tatu. Mwezi wa nne saa moja. Mwezi wa saba umeme ukikatika hata kuseva fayilo hatuwahi. Nikasema nimeuziwa batri za uongo, nikarudi kwa muuzaji kwa hasira, nikamtukana mutu wa watu bure, na baadaye nilienda kumuomba msamaha.

Ni papa mumoja, fundi wa zamani amestaafu, alikuja na mita yake. Hakuangalia batri kwanza. Alipima ampea zinazotoka kwenye onduleri kwenda kwa batri: moja na nusu. Akaniuliza, «Mutoto yangu, kwenu umeme unakuya saa ngapi?» Nikamwambia wakati huo unarudi saa tano ya usiku, unaenda saa kumi na moja asubuhi. Akaandika kwenye karatasi. Saa sita mara ampea moja na nusu, ni 9Ah zinaingia kila usiku, na hata hizo haziingii zote. Kompyuta zetu mbili zinavuta kama ampea 5 kwa batri, tukifanya saa tatu ni 15Ah zinatoka. Kila siku tunatoa 15, tunarudisha 9. «Hizi batri hazikuwa mbaya», akasema, «zimekufa na njaa.»

Chaja ya ndani ilitengenezwa kwa batri ndogo za 9Ah. Kujaza 100Ah iliyoisha ingehitaji zaidi ya saa 66 mfululizo. Na batri ya risasi ikikaa nusu tupu siku nyingi, ile chumvi inayoitwa salfeti kwenye sahani zake inageuka ngumu kama jiwe, hakuna chaji itaitoa tena. Kuko lingine pia: jioni zingine taa ilikuwa inawaka lakini nyekundu, volti zimeanguka 160, onduleri inaona huo siyo umeme, inakula batri. Sisi tunafikiri inachaji, kumbe inamaliza. Ule mlio wake tulikuwa tumeuzoea.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote chukua daftari, wiki mbili, andika umeme umekuja saa ngapi na umeenda saa ngapi, na upime volti jioni. Usijipe matumaini kwamba delestaje, huku kukatiwa umeme kwa zamu, itaisha karibuni: kituo cha umeme cha Ruzizi II peke yake kinagawiwa nchi tatu tangu 1989. Halafu muulize muuzaji chaja inatoa ampea ngapi, na volti ya chini kabisa inayokubaliwa ni ngapi. Asipojua, ondoka. Kwa batri ya 100Ah tafuta chaja ya ampea 10 hivi. Kama saa za umeme ni chache, nunua batri ndogo utakazozijaza, au ongeza paneli za jua na chaja yake. Mimi leo niko na batri za ukubwa wa nusu ya zile, na zinanifikisha mbali zaidi.

Usichanganye batri mpya na za zamani kwenye mstari mmoja, moja mbovu inavuta zote. Weka fuzi karibu kabisa na batri. Volti 72 za batri zinaweza kuua, na spana ikigusa pande mbili inayeyuka, kwa hiyo toa pete na saa mkononi, zungushia spana tepu. Mafundi wengine watakucheka, waache.

Radi ikianza kunguruma chomoa ukutani. Umeme ukirudi subiri dakika chache kabla ya kuchomeka, ule wa kwanza unapanda na kushuka. Fundisha mtu mwingine nyumbani swichi ya kuzima yote iko wapi, mama, dada, mtoto mkubwa, yeyote anayebaki wakati wewe uko kazini, na namba ya fundi ibandikwe ukutani, isibaki kwenye simu yako tu.