Kitaliano cha beach hakitoshi: kuishi Italia kwa mtu wa Malindi

Sisi wa Malindi tuna kiburi kimoja, tunadhani Italia tunaijua kabla hata hatujapanda ndege. Mtu amekua akisikia ciao bella tangu shule ya msingi, mjomba ameuza vinyago kwa Wataliano, pizza anaijua, gelato anaijua, wazee wa Ngomeni wamemhadithia za kituo cha maroketi cha Wataliano kule baharini miaka ya 60, basi anashuka Malpensa, uwanja wa ndege wa Milano, na begi lake anasema hapa ni kama kwetu tu. Mimi nilikuwa hivyo hivyo. Wiki ya kwanza nikaenda ofisi fulani nikamwambia mama wa kaunta "ciao, dammi il foglio", yaani we nipe karatasi, na tabasamu langu lote, akaniangalia kama nimemtukania mamake.

Kwa hiyo anza na lugha, na usianze na maneno mapya, anza kwa kusahau. Kitaliano cha beach ni cha "tu", yaani wewe wa rafiki ama mtoto. Huku mtu usiyemjua, mzee, daktari, afisa, mwenye nyumba, unamwambia "Lei" na kitenzi nacho kinabadilika. Badala ya dammi sema "vorrei" (ningependa) ama "mi può dare" (unaweza kunipa). Ciao iweke kando. Ukiingia dukani, ukiingia lifti, ukipishana na jirani kwa ngazi, ni buongiorno, na ikifika jioni, hata jua bado liko juu, watu washaanza buonasera. Ukimrushia mzee ciao ni kama umemwambia mzee wa kwetu "mambo" mahali pa shikamoo. Na ukiingia nyumba ya mtu, hata kama mlango uko wazi na yeye mwenyewe ndiye amekuita, unasimama kizingitini unasema "permesso". Hiyo ndio hodi yao! Nilipoijua nilifurahi kweli, nikasema kumbe hawa nao walilelewa.

Sasa kuna permesso nyingine, na hiyo haina utamu hata kidogo.

Permesso di soggiorno ni kibali cha kukaa, na ukishafika na viza yako ya muda mrefu una siku 8 za kazi kukiomba. Nane. Usiseme acha nipumzike kwanza nizoee baridi. Wenye viza ya kazi ya nulla osta (ile idhini aliyoombewa na mwajiri) wanaanzia dirisha la wahamiaji, Sportello Unico, kule Prefettura, ofisi ya serikali ya mkoa, wengine wengi wanaenda posta yenye dirisha la Sportello Amico wanachukua bahasha inaitwa kit, bure, wanajaza, wanaweka fotokopi za pasipoti na karatasi zote, wanarudisha ikiwa wazi, afisa wa posta ndiye anaangalia. Hela andaa hivi: marca da bollo ya euro 16 (ni stempu, inauzwa tabaccheria, duka lenye T kubwa nje), euro 30 za posta, halafu bollettino (karatasi ya kulipia posta) ya euro 70.46 kama kibali ni cha hadi mwaka mmoja, ama 80.46 kama ni cha zaidi ya mwaka hadi miwili. Hapo unapewa ricevuta, risiti yako, na tarehe ya kwenda Questura, ofisi kuu ya polisi, kuweka vidole. Hiyo ricevuta ndiyo wewe sasa, kadi yenyewe inaweza kuchukua miezi, kwa hiyo piga picha, toa fotokopi, na ile orijino usimwachie mtu hata akiwa binamu.

Kitu cha pili ni codice fiscale, namba yako ya kodi, herufi na namba 16, inatolewa bure na Agenzia delle Entrate, ofisi ya kodi, na bila hiyo hupati laini ya simu wala kontrakti wala daktari. Inatengenezwa kwa jina lako na tarehe ya kuzaliwa, na mwanamke siku yake inaongezwa 40, mimi nimezaliwa tarehe 9 nikaona imeandikwa 49, nikabeba pasipoti nikarudi kugombana, kumbe mshamba ni mimi. Ila kwa majina ndio uwe mkali. Wao wanajua cognome (la ukoo) na nome (lako mwenyewe), basi, na sisi tuna jina, jina la baba, la babu, pengine na la ukoo, sasa karatasi moja ikiandika matatu na nyingine mawili utakimbizwa ofisi hadi ofisi. Nakili vile pasipoti inasema, herufi kwa herufi, kila mahali.

Nyumba. Ukikaa kwa ndugu, yeye anatakiwa apeleke dichiarazione di ospitalità, taarifa kwamba amekukaribisha kwake, ndani ya saa 48, wengi hawajui na faini ni yake, mwambie kwa heshima. Ukipanga yako, kontrakti iwe imesajiliwa, manake bila hiyo kujiandikisha residenza, yaani anwani yako rasmi, kunakuwa vita, na residenza ndiyo inahesabu miaka yako ya uraia huko mbele (10 kwa wageni wa kawaida kama sisi). Mimi chumba changu cha kwanza mwenyewe alitaka pesa mkononi na jina langu lisionekane popote, nikakaa miezi mitano kama mzuka. Ukishaomba residenza pale Comune, ofisi ya manispaa, polisi wa manispaa atapita nyumbani bila kukuambia, kuona kama kweli unaishi. Weka jina lako kwenye kengele na sanduku la barua siku hiyo hiyo! Hata kwa karatasi na selotepu. Kuna watu wamekataliwa sababu ya kengele tu.

Baridi utaambiwa na kila mtu, mimi naongeza moja. Huku kaskazini zile rediaita za jengo zima zinawashwa kuanzia 15 Oktoba hadi 15 Aprili. Ikipiga baridi tarehe 5 Oktoba hakuna wa kumlilia, unavaa sweta mbili unalala.

Kazi sasa, na hapa nitaongea ya badante manake ndiyo ninayoifanya, kukaa na mzee na kumhudumia. Mwanzo nilifanya in nero, yaani bila kontrakti, familia nzuri tu, wananichekea, wananipa nguo za mtoto wao, mpaka Desemba nikawa kwa bustani na wenzangu kina mama wa Peru na Ukraine nawasikia wanapanga matumizi ya tredicesima. Nikauliza ni nini hiyo. Wakanyamaza kidogo, kisha mmoja akanishika mkono akanipeleka patronato, ofisi ya kusaidia wafanyakazi na karatasi zao.

Tredicesima ni mshahara wa mwezi wa 13, na ni haki yako wala si zawadi ya Krismasi. Kontrakti ya kitaifa ya kazi za nyumbani inasema ukiishi humo humo na mzee mwisho ni saa 54 kwa wiki, usiku unapumzika saa 11 mfululizo, na kila wiki una mapumziko ya saa 36, Jumapili nzima na nusu ya siku nyingine. Kwa mwaka likizo ni siku 26 za kazi, zinalipwa. Ukiondoka kuna TFR, kiinua mgongo chako, hata kama umeondoka mwenyewe kwa hasira. Na mwajiri analipa INPS, mfuko wa pensheni wa serikali, kila miezi mitatu, usimwamini kwa mdomo, ukipata SPID ambayo ni kitambulisho cha mtandaoni ingia mwenyewe uangalie michango yako kama imeingia. Hivi vitu patronato na ofisi za vyama vya wafanyakazi wanakuelezea, kuwauliza si pesa. Anayekuuliza hela nyingi "akufungulie" kontrakti ama flussi (zile nafasi za viza za kazi zinazotolewa na serikali), huyo ni mwizi, haijalishi anaongea Kigiriama, Kiswahili ama Kitaliano.

Leseni yako ya Kenya usiitegemee. Ukishapata residenza unaendesha mwaka mmoja nayo ikiwa na tafsiri ama ile ya kimataifa, baada ya hapo haibadilishwi, unaanza upya, nadharia maswali 30 kwa dakika 20 na makosa mwisho 3, kwa Kitaliano. Mimi bado napanda basi.

Haya, chakula, nilikuwa nakingoja hiki.

Naishi Bergamo, na Bergamo ni nchi ya polenta, unga wa mahindi na maji, yaani sima! Siku ya kwanza signora wangu, yule mama mzee ninayemhudumia, aliponiambia leo ni polenta niliona sufuria ya shaba na mwiko nikataka kulia. Ila usidanganyike, yao ni ya njano, laini, na anaikoroga dakika 45 nzima. Mimi nikamwonyesha yetu ya dakika kumi, ngumu, ya kumega, akaonja akaniambia kwa upole kwamba haijaiva. Basi tumekubaliana kila mtu na sufuria yake. Ukitaka ya kwetu tafuta unga mweupe wa mahindi uliosagwa laini, paketi imeandikwa "fioretto", ile ya "bramata" ni chenga na ile ya "istantanea" imeshapikwa nusu, inakuwa gundi. Wenyeji wa Veneto wanakula ile nyeupe kwa samaki, wale tungeelewana nao.

Mboga: cavolo nero ya majira ya baridi ni ndugu wa sukuma, katakata nyembamba kaanga na kitunguu hutajua tofauti. Cicoria ni chungu kama mchunga, ichemshe umwage maji, kisha uunge kwa nazi. Mchele wao wa arborio na carnaroli ni wa risotto, ukiupikia pilau utakula bokoboko, chukua basmati. Nazi ya kopo, iliki, binzari, bamia, mihogo, vyote viko kwa maduka ya Wabangladeshi kwa bei ya chini kuliko supermarket, na ukiwa Roma pitia soko la Esquilino karibu na Piazza Vittorio, Torino nenda Porta Palazzo uende na kikapu kikubwa. Kwa Waislamu wenzangu, bucha za halali zipo miji yote mikubwa, lakini soma paketi za mikate na piadina, ule mkate wao bapa kama chapati, neno "strutto" ni mafuta ya nguruwe, hilo silo la kubahatisha. Mahamri yanatoka vizuri sana na unga wa ngano wa 00, ule laini, hamira kidogo, subira.

Kahawa ni fupi: unaisimamia kaunta, ukikaa mezani bei inapanda. Ukisema "latte" utaletewa maziwa. Cappuccino ni ya asubuhi, ukiagiza baada ya chakula cha mchana hakuna atakayekukamata ila watajua umetoka wapi.

Kutembea tembea, treni za regionale, zile za mkoa zinazosimama kila mahali, ndio rafiki wa maskini. Tiketi ya karatasi igonge kwenye mashine kabla hujapanda, ya simu ifanyie check-in, usipofanya ni faini hata kama umelipa. Kukiwa na sciopero, mgomo, na utakuwepo, siku za kazi treni za kawaida zinalindwa saa 12 asubuhi hadi saa 3 na saa 12 jioni hadi saa 3 usiku, katikati hapo ni bahati yako. Jumapili ya kwanza ya mwezi makumbusho ya serikali ni bure, magofu ya Pompei yakiwemo, beba maji. Katikati ya Agosti usipange jambo lolote la maana, nchi iko baharini.

Na la nyumbani, hili watu wamelia nalo airport. Kama kibali chako kiko kwenye kurenew na una ricevuta tu, usikate tiketi ya kupitia Amsterdam, Paris wala Frankfurt, ricevuta inakubalika kutoka na kuingia kwa mpaka wa Italia tu, si kwa nchi nyingine za Schengen. Pitia Addis, Istanbul ama Doha, ubebe ricevuta orijino, kibali kilichoisha na pasipoti.

Ukirudi, nyama na maziwa usibebe. Embe za ngowe pia acha, bila cheti cha mimea zinaishia pipa la forodha, nami nilizibeba kilo sita nikaziaga pale pale Malpensa. Nazi na ndizi zinaruhusiwa. Mbuzi ya kukunia iweke kwa begi kubwa la kwenda chini kwa sababu ya ule ulimi wake wa chuma. Yangu iko jikoni Bergamo mpaka leo, na signora kila mgeni akija anamwonyesha, anamwambia Waafrika wana kiti cha kukata nazi, kisha anakataa kabisa kukikalia.