Ukitaka kubishia drama za Kikorea, bisha namna hii

Ubishi wa drama za Kikorea ni mtamu kuliko drama zenyewe wallahi, ila huku kwetu tunauharibu. Watu wanapiga makelele barazani mpaka kahawa inapoa, huyu anasema Jun-pyo wa Boys Over Flowers ndo mwanamme, yule anasema Jun-pyo muhuni tu, na ukiwauliza hasa mnabishania nini hakuna anaekujibu. Mie niko kwenye ubishi huu tangu zama za ile drama ya Jumong, kwahiyo hebu niwape utaratibu wangu, na unafaa hata kwa za Kichina na za Kijapani.

Kabla hujafungua mdomo jua unamsema nani. Mle ndani kuna watu watatu: mhusika, muigizaji, na yule alieandika hadithi. Mtu anakwambia "yule kaka haigizi vizuri", ukimbana kidogo kumbe anamaanisha mhusika ana roho mbaya, sasa kama umemchukia kiasi hicho si ndo kaigiza vizuri au? Khalati yangu alimchukia Park Hae-joon kabisaa mwaka 2020, ile The World of the Married, alikuwa mume mwenye kimada anaemdanganya mkewe daktari na bado ana uso wa kujitetea. Ikaja 2025, When Life Gives You Tangerines, mtu yule yule ndo Gwan-sik wa ukubwani, baba ambae nusu ya mtaa ulimlilia. Khalati siku ya mwanzo akagoma kutizama, ati hamtaki yule mzinzi nyumbani kwake. Baadae alikuwa anatafuta kanga ya kufutia machozi. Basi hapo una ushahidi wa muigizaji mmoja kwa wahusika wawili, na ndo njia rahisi ya kujua mtu anajua kazi au anategemea sura.

Njia ya pili ni kuigeuza hiyo, mhusika mmoja kwa waigizaji tofauti. Boys Over Flowers ya 2009 sio hadithi ya Wakorea kwa asili, imetoka kwenye katuni za kitabu za Kijapani, na Wataiwani ndo walioanza kuifanya drama ya tivii mwaka 2001 kwa jina la Meteor Garden, Wajapani wakafanya yao 2005, Wachina nao 2018. Yule kijana tajiri mwenye hasira kachezwa na Jerry Yan, Matsumoto Jun, Lee Min-ho na Dylan Wang. Sasa mtu akisema Lee Min-ho kamfanya Jun-pyo apendeke, mwambie haya tutizame na wengine, tuone kipi kipo kwenye hadithi na kipi kaleta yeye. Maoni yangu kama mnayataka: mhusika ni muonevu, kadi nyekundu zile za kumtangazia mtoto wa watu vita skuli nzima hazina utetezi, lakini Lee Min-ho kamtia utoto fulani machoni ndo maana tukamsamehe. Tumemsamehe muigizaji tukadhani tumemsamehe mhusika.

Halafu taja sini, yaani kipande chenyewe cha drama. Usiseme "Jung-hwan alimpenda kweli" ukanyamaza, sema wapi. Kwa Reply 1988, ambayo Jung-hwan na Taek wote wanampenda Deok-sun, mie hutaja ile ya kwenye basi, limejaa watu, Jung-hwan kasimama nyuma ya Deok-sun kashika vyuma huku na huku watu wasimbane, hasemi kitu, unaona mishipa ya mkono tu. Anaepanda daladala ya Bububu saa za skuli kutoka anajua ile kazi yake. Timu Jung-hwan wana hoja nzuri hapo. Lakini timu Taek nao watakujibu kwa ile ya taa za barabarani, Jung-hwan anakimbilia kwenye tamasha alipo Deok-sun, taa nyekundu zinamchelewesha, anafika anamkuta Taek keshafika, na Taek kaacha mechi yake ya baduk, ule mchezo wa kete wa Kikorea, kuja pale. Na uzuri wake Jung-hwan mwenyewe anakiri moyoni kuwa sio taa zilizomkosesha, ni kusitasita kwake. Sasa ukiwa na sini mbili kama hizo mezani ubishi unakuwa ubishi. Mie niko timu Taek, na tokea 2016 ilipomalizika sijapata hoja ya kunihamisha.

Kwenye mapenzi ndo watu wanachafuka roho zaidi, hasa ile hali ya kumpenda jamaa wa pili kuliko stelingi. Start-Up ya 2020 ilitaka kuvunja undugu. Kwa asieiona, Ji-pyeong alipokuwa kijana yatima aliombwa na bibi yake Dal-mi amwandikie mjukuu wake barua ili apate rafiki, akaziandika kwa jina la Nam Do-san, jina walilolikuta gazetini. Dal-mi kakua na Do-san wa kwenye barua moyoni, akaja kuonana na Do-san wa kweli ambae barua hata hazijui. Watu wakaanza, Dal-mi kipofu, Dal-mi hana shukrani. Hapa tumia ule utaratibu wa watu watatu. Dal-mi hana kosa, alipokuja kujua ukweli moyo ulishahamia kwa mtu alie mbele yake anaefanya nae kazi kila siku. Kim Seon-ho, alieigiza Ji-pyeong, hana kosa, kaigiza vizuri kupita kiasi. Mwenye kesi ni mwandishi, katuanzia episodi ya kwanza na Ji-pyeong na yule bibi, tumeshampenda kijana wa watu, ndo anatuletea stelingi! Ukibisha hivi hata alie upande mwengine anakusikiliza, manake hujamtukana mtu wake.

Na za zamani zipimeni kwa akili. Miaka ile ya 2009 kumkamata mwanamke mkono na kumburura ilikuwa ndo alama ya mapenzi, kila drama ipo, siku hizi waandishi wa Korea wenyewe wameipunguza. Unaweza kusema ni vibaya, mie nasema vibaya, ila usimlaumu muigizaji alieambiwa burura akaburura.

Sasa kuna ubishi mmoja Wakorea hawauwezi kama sisi, wa Jumong na wake zake. Ile ya 2006, episodi 81, Song Il-gook. Jumong kaamini mkewe Ye So-ya kafa, akamuoa So Seo-no mwenye mali na majeshi, wakajenga dola pamoja. Afu Ye So-ya anarudi na mtoto wa kiume. So Seo-no anafungasha, anaondoka kusini na watoto wake wawili kwenda kuanza nchi nyengine. Kina mama watu wazima wa kwetu wanagawika vibaya hapo, wengine ati angebaki tu zamu si zipo, wengine mwanamke mwenye mali yake anakaa uke wenza kwa lipi. Nawaacha wamalize, afu nauliza swali moja: kwani aliondoka kwa wivu? Rudini mtizame, suala lilikuwa la kiti, nani atarithi, mtoto wa Ye So-ya au wa kwake, akaona akibaki watu watagawika. Ukimfanya ni mtu wa wivu umemshusha bure.

Kuhusu kuigiza, zima sauti. Kweli, chukua sini unayoibishania itizame kimya. Za kutafsiriwa kwa Kiswahili ile sauti sio yake, mtafsiri anaweka na vichekesho vyake vya njiani, kwahiyo usije ukasema "anaongea kama roboti" na hujawahi kumsikia. Za Kichina ndo uwe makini zaidi, nyingi sauti imewekwa na mtu mwengine huko huko China, sura ya huyu mdomo wa yule. Tizama macho, mabega, na mtizame anaesikiliza sio anaeongea. Kulia sana sio kuigiza vizuri, mtu yeyote akikatakata vitunguu analia. Kwenye Tangerines ipo sini wanaume wanakula meza yao wanawake yao, Gwan-sik kijana, Park Bo-gum huyo, anageuka, anaipa mgongo meza ya wanaume anakula na mkewe. Hana hotuba. Sisi tuliokulia sinia mbili tunaelewa kishindo chake. Swali zuri la kubishania ni hili: yule kijana na yule mzee wa Park Hae-joon ni mtu mmoja kweli? Mie nasema ndio, ukimya wao ni mmoja. Kuna shoga yangu wa Paje anakataa katakata, ila tulikubaliana kuhusu Yeom Hye-ran, yule mama mpiga mbizi wa Jeju, kuwa hakuna mtu alieigiza mle kumzidi.

Adabu ndogo ndogo basi. Usimbishie mtu mzima mbele ya wajukuu zake. Sini ya busu ikifika na wazee wapo kila mtu ana haki ya kukumbuka maji jikoni, asichekwe. Na kabla ya kuanza ulizaneni nani kafika episodi ya ngapi, manake wapo wanaosubiri flashi ivuke na boti mpaka Wete, huyo usimmalizie utamu. Atakaemwaga siri atoe faini, kwetu sisi ni urojo wa baraza zima na kachori juu yake.