Ukikuta kisukuku shambani au kando ya korongo

Mvua kubwa zinapokwangua makorongo ya kisiwa cha Rusinga na rasi ya Homa, kwenye Ziwa Victoria nchini Kenya, visukuku, yaani mifupa iliyogeuka mawe, huchomoza juu ya udongo, na mara nyingi anayeviona kwanza ni mchungaji au mkulima. Mwaka 1948 mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alipata Rusinga fuvu la nyani wa kale aliyeishi yapata miaka milioni 18 iliyopita. Na mwaka 2023 watafiti walitangaza zana za mawe kutoka Nyayanga, kwenye rasi ya Homa, zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na 3, zikiwa pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa.

Kwanza, usikichimbue. Kisukuku kilichong'olewa hupoteza nusu ya habari zake, kwa sababu umri hukadiriwa kutokana na tabaka la udongo au majivu ya volkano kilimolala. Tazama sehemu iliyovunjika: mfupa huonyesha vitundu vidogo ndani, ilhali jiwe la kawaida halina mpangilio huo. (Wapo wanaouramba waone kama utanata ulimini, mimi sishauri.)

Kisha piga picha ukiweka sarafu kando yake ili ukubwa ujulikane, piga nyingine ya mbali inayoonyesha mteremko mzima, na uhifadhi mahali hapo kwenye ramani ya simu. Usikioshe wala kukipaka gundi.

Hatimaye wajulishe Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya bila kukawia, kwa mfano kupitia jumba lao la Kisumu. Kuuza kisukuku ni kosa kisheria.