Mjomba, Huyu Anakula Nini? Kuchagua Viumbe wa Kigiriki kwa Hadithi Yako

Duka langu la stesheni liko Tandika. Mchana natoa fotokopi na kupiga picha za paspoti. Jioni wateja wakipungua naandika hadithi nyuma ya karatasi zilizoharibika, maana mashine yangu inaharibu nyingi. Hadithi ni za mfululizo na zinakwenda kwenye kundi la WhatsApp, sehemu moja shilingi 500. Mwaka jana nilianza moja ya visiwa vya kubuni, bahari kali na miungu wenye wivu, kila kitu kwa mtindo wa Wagiriki wa kale. Nikachora ramani kwenye karatasi mbili za A4 nilizoziunga kwa selotepu, nikaijaza viumbe 23. Nikajiona nimemaliza kazi.

Mtoto wa dada yangu, yuko darasa la sita, aliingia dukani kusubiri mvua ikatike. Akaitazama ramani, akaweka kidole juu ya jitu la jicho moja nililoliacha peke yake kwenye kisiwa cha mawe.

"Mjomba, huyu anakula nini?"

"Watu."

"Watu gani? Si umeandika hapa kisiwa hakina mtu?"

Mvua ilikatika, akaenda zake. Mimi nikabaki na ramani. Mpaka nafunga duka saa mbili usiku, viumbe 14 nilikuwa nimeshawafuta. Hawa tisa waliobaki niliwachagua kwa kuuliza maswali, na nitakueleza jinsi nilivyofanya, kwa sababu najua na wewe umeanza kwa kukusanya picha.

Usianze na picha. Anza na mahali. Wagiriki hawakuwa na mazimwi ya kuzurura ovyo, karibu kila mmoja ana anwani yake. Hydra, joka la vichwa vingi, yuko kwenye kinamasi cha Lerna. Simba asiyepenywa na chuma yuko Nemea. Sphinx, simba mwenye kichwa cha mwanamke, anawangoja watu wa Thebes na kitendawili chake. Talos, mtu wa shaba, ni mlinzi wa Krete na anakizunguka kisiwa mara tatu kwa siku. Chimera anayetema moto ni wa Lycia, kusini mwa Uturuki ya leo, na huko kuna mlima unaoitwa Yanartaş ambao gesi inatoka kwenye nyufa za mawe na kuwaka mpaka leo. Mtu aliyeuona moto ule usiku huhitaji kumshawishi sana kwamba chini pale kuna mnyama anapumua.

Kwa hiyo chukua ramani yako, na kabla ya kiumbe yeyote weka alama mahali ambapo watu hawana budi kupita. Mlango wa bahari, kisima kimoja, lango la mji, njia ya mlimani. Mimi nilifikiria Magogoni, kwenye kivuko cha Kigamboni, Dar es Salaam. Mtu wa Kigamboni anajua maana ya kusimama na umati unangoja pantoni, saa inakwenda, na maji yako mbele yako. Tangu 2016 tuna daraja na unaweza kuzunguka, lakini kwenye hadithi yako, tafadhali, daraja usilijenge.

Kwenye mlango wa bahari kama huo ndipo Homer, mshairi wa Wagiriki wa kale, alipoweka wawili. Upande mmoja, kwenye mwamba, yuko Scylla, ana vichwa sita na miguu 12. Upande wa pili yuko Charybdis, anayemeza maji ya bahari mara tatu kwa siku na kuyatapika. Angalia vile ambavyo wamepangwa. Ukipita kwa Scylla unapoteza mabaharia sita, kichwa kimoja mtu mmoja. Ukipita kwa Charybdis unaweza kupoteza chombo kizima. Odysseus, nahodha wa hadithi ya Homer, aliambiwa na mchawi Circe apite kwa Scylla, akapita, na wenzake hakuwaambia kuhusu Scylla, kwa kuogopa wataacha makasia. Sita wakaenda. Siku zote nikisoma hapo namchukia nahodha yule, halafu najiuliza ningefanya nini mimi. Kiumbe mzuri ni yule anayemlazimisha mtu wako kuchagua, kisha aishi na alichokichagua. Meno peke yake hayatoshi, hata papa anayo.

Hapa lugha yetu inakupa kazi ya ziada, na ukiisimamia vizuri ni utamu mtupu. Charybdis ni mnyama au ni mkondo? Ukiandika "Charybdis anameza", umempa roho na nia. Ukiandika "Charybdis unameza", umesema ni mkondo tu, tabia ya bahari. Mabaharia vijana wa hadithi yangu niliwapa "unameza". Mzee anayeshika usukani nikampa "anameza", na sikueleza kitu. Wasomaji watatu walinitumia ujumbe kwamba nimechemka kwenye sarufi. Nikanyamaza. Sehemu ya nne, mzee alipoanza kumsalimia kabla ya kuvuka, mmoja wao aliandika tu, "Aisee."

Joka nalo ni hivyohivyo. Mimi huandika "joka lilipita" likiwa bado mbali, na likishamtazama mtu machoni nahamia "joka akasema". Mhariri wa gazeti atakukatia. Kwenye hadithi yako mhariri ni wewe.

Swali la pili ni lile la mtoto. Anakula nini? Mrudie Polyphemus, jitu la jicho moja, nawe utaona Homer alilijibu kabla hajaulizwa. Polyphemus ni mfugaji. Pangoni mwake kuna vichanja vya jibini, mazizi yamegawanywa kwa umri wa wana-kondoo, na kila jioni anakamua mmojammoja, kisha anamwachia kila jike mtoto wake anyonye. Maziwa nusu anagandisha, nusu anaweka kwa kunywa na chakula. Mfugaji makini kuliko wengi ninaowajua. Halafu mtu huyohuyo anawashika mabaharia wawili wa Odysseus na kuwapigiza chini. Kinachotisha ni ile jibini. Kama angekuwa na pango tupu na mifupa, ungemsahau kesho. Na mifugo ile ndiyo baadaye inayowaokoa waliobaki, maana wanatoka pangoni wamefungwa chini ya matumbo ya kondoo. Chakula cha kiumbe wako kikiwa wazi, mara nyingi na mlango wa kutokea umeshaupata bila kuutafuta.

Swali la tatu ndilo ninalolithamini kuliko yote, na lile nililijua tangu utoto bila kujua kwamba nalijua: nani alimleta? Bibi yangu alikuwa anatusimulia ya nunda mla watu. Nunda hakutoka porini. Alikuwa paka wa sultani. Paka akaanza kula mifugo, watu wakaenda kushtaki, na sultani akajibu kwamba paka ni wake na mifugo ni yake, mwacheni. Akala kikubwa zaidi, jibu likawa lilelile. Alipokula watoto wa sultani mwenyewe, ndipo baba akasema huyo si paka tena, ni nunda. Anayekwenda kumtafuta ni mtoto wa mwisho aliyekuwa akidharauliwa, na anaua mnyama mmoja baada ya mwingine na kuwaleta kwa mama yake, na kila mara mama anamwambia, mwanangu, huyu siye.

Sasa weka hiyo kando ya Minotaur, mtu mwenye kichwa cha ng'ombe. Mfalme Minos wa Krete alimwomba Poseidon, mungu wa bahari, amtolee fahali baharini, akaahidi kumchinja kwa ajili yake. Fahali akatoka, mzuri mno. Minos akamtamani, akamficha kwenye kundi lake, akachinja mwingine. Poseidon akamtia mke wa mfalme mapenzi na fahali yule, akazaliwa mtoto mwenye kichwa cha ng'ombe. Mtoto yule ana jina, Asterios, na wengi hawalijui. Akajengewa nyumba ya njia za kupoteana, na akalishwa wavulana saba na wasichana saba kutoka Athens, mji ambao mtoto wa Minos alifia. Ahadi moja imevunjwa kisiwani, na wanaolipa ni watoto wa watu wa mbali.

Sultani na Minos ni mtu mmoja. Wote wawili walisema hiki ni changu. Kwa hiyo ukitaka zimwi la Kigiriki lisimame kwa Kiswahili, usianze kulivalisha kanga. Tafuta nani alisema "mwacheni, ni wangu". Viumbe wangu wanane kati ya wale 14 niliwafuta kwa swali hili tu. Hawakuletwa na mtu yeyote, nilikuwa nimewaleta mimi kwa sababu wana mabawa.

Idadi ya vichwa, rangi na urefu ni mambo ya baadaye, wala yasikuumize kichwa. Cerberus, mbwa mlinzi wa kuzimu, kwa mshairi Hesiod ana vichwa 50, na wachoraji wengi wakampa vitatu au viwili, labda kwa huruma ya mkono. Udhaifu ndio wa kupanga mapema. Uonyeshe kabla ya pambano. Talos ana mshipa mmoja uliozibwa kwa msumari kifundoni; msomaji auone msumari ule unameta sehemu ya pili, ili ukichomolewa sehemu ya tisa asiseme umemwokoa shujaa kwa ujanja. Ukikata kichwa kimoja cha Hydra vinaota viwili, basi moto wa kuchomea shingo uwe umeshawashwa na mtu kwa kazi nyingine.

Halafu kuna wanaoingia bila kualikwa. Farasi wa pembe moja si wa visasili vya Kigiriki. Ctesias, tabibu wa Kigiriki, alimwandika kama mnyama halisi wa India. Ndege feniksi, mwanahistoria Herodotus aliwasikia Wamisri wakimsimulia, na mwenyewe anakiri kamwona kwenye picha tu. Watumie ukipenda, ila wawe wageni wenye lafudhi.

Kosa langu kubwa lilikuwa sireni, wale wanaowavuta mabaharia kwa wimbo. Niliandika "nguva wanaoimba", na nikawachorea mkia wa samaki. Homer hasemi wana umbo gani, na kwenye vyungu vya Kigiriki wanachorwa ndege wenye vichwa vya wanawake. Nguva ni mnyama wetu halisi, bado wapo wachache upande wa Rufiji na Mafia, mpole, anakula nyasi za baharini. Wanasayansi ndio waliomweka kwenye kundi walilolipa jina la sireni, na mkanganyiko ukakolea. Tena wimbo wa sireni haukuwa wa mapenzi. Walimwahidi Odysseus habari: yote yaliyotokea kwenye vita vya Troy, na yote yanayotokea duniani. Yaani umbea. Nilipolijua hilo sikuhitaji mkia tena, wasomaji wangu wote wamo kwenye makundi ya WhatsApp.

Ukiona aibu kuwachanganya wa kwao na wa kwetu, kumbuka kwamba baharia mmoja aliyeandika kwa Kigiriki katika karne ya 1 aliielezea pwani hii. Anataja mji wa Rhapta, soko la mwisho la Azania, ndilo jina alilolipa pwani hii, penye pembe za ndovu na magamba ya kasa, na anasema jina limetokana na mashua za kushonwa. Mji wenyewe haujapatikana. Basi niliuweka kwenye ramani yangu pembeni kabisa, karibu na pale selotepu inapoishia, na nunda wangu anashukia bandari hiyo, bado paka, ndani ya kikapu cha mfanyabiashara anayesema ni wake.

Jitu la jicho moja nililirudisha pia, safari hii na zizi. Mtoto wa dada alipopita tena nikamwonyesha. Akawahesabu mbuzi kwa kidole, akasema kwa jitu la kimo kile hawatoshi hata mwezi. Nimeongeza 12.