Dripu si chakula: namna ya kumlisha mgonjwa kwa mpira nyumbani

"Nesi, mzee hali kabisa, njoo umtundikie dripu ya chakula." Nimestaafu uuguzi, naishi Majengo hapa Moshi, na maneno hayo bado yanabisha hodi mlangoni kwangu. Yananiuma, maana najua ndugu wameshachangishana hela ya chupa za glukosi, na mgonjwa anazidi kukonda huku chupa ikining'inia msumarini.

Tupige hesabu. Chupa ya nusu lita ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 25 za sukari, karibu kalori 100. Mgonjwa wa kilo 50 anahitaji kama kalori 1,250 hadi 1,500 kwa siku. Ungemtundikia chupa zaidi ya 12, zaidi ya lita sita za maji, mapafu yangeanza kujaa, na bado asingepata protini wala mafuta. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya alizeti kikitiwa kwenye uji kina kalori nyingi kuliko chupa hiyo nzima. Dripu inamfaa aliyeishiwa maji kwa kuharisha au kutapika. Kulisha si kazi yake.

Chakula halisi cha mshipani kipo. Ni mfuko wenye sukari nzito, protini, mafuta, chumvi na vitamini, unaochanganywa kwenye chumba maalumu kisicho na vijidudu na kutunzwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Unapitia mrija uliofikishwa kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo, kwa kuwa mshipa mdogo wa mkono ungeharibika. Uingereza na Marekani wapo wanaoishi hivyo nyumbani miaka mingi. Usiku wanajiunganisha na pampu na kulala. Lakini hao ni watu ambao utumbo wao umekatwa au haufanyi kazi tena, na wamefundishwa mpaka wakaiva. Uchafu ukiingia kwenye mrija ule, umeingia kwenye damu. Homa na kutetemeka wakati mfuko unaingia ni dharura, hakusubiri kesho. Kwa hiyo mtu akikuahidi huduma hiyo sebuleni kwako kwa chupa za duka la dawa, mkatalie.

Wengi ninaoitiwa, utumbo wao mzima. Kilichoziba ni njia ya juu. Saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, tunaiona sana huku Kilimanjaro. Hawa wanahitaji mpira, ama wa puani ama uliopitishwa kwenye ngozi ya tumbo. Uwe KCMC au hospitali nyingine yoyote, usitoke wodini kabla hujamlisha mgonjwa kwa mikono yako mbele ya muuguzi, hadi asiwe na la kukusahihisha.

Chakula tunacho. Mtori wetu wa ndizi na nyama unafaa sana, ila nyuzi za nyama ndizo huziba mpira. Chemsha nyama mpaka iachane, saga pamoja na ndizi kwenye blenda, kisha chuja mara mbili kwa chujio la matundu madogo, yale ya soko la Mbuyuni yanatosha. Tazama kinachobaki kwenye chujio: kama bado unaona nyuzi, rudia. Ongeza supu au maziwa yaliyochemshwa mpaka ushuke mwepesi kama maziwa yenyewe, halafu tia kijiko cha mafuta. Uji wa lishe uliochujwa nao ni mzuri. Pika wa mlo mmoja. Uliokaa mezani tangu asubuhi mwaga. Na mgonjwa aliyekaa siku nyingi bila kula aanze kidogo kidogo kwa kipimo cha daktari. Akishibishwa ghafla, madini ya damu hushuka na moyo unaweza kuyumba. Huruma ya ndugu isiwashinde hapo.

Wakati wa kulisha, nawa mikono kwa sabuni. Mwinue kwa mito, kifua kiwe juu, asilale chali hata kidogo. Kama mpira ni wa puani, angalia ile alama iliyowekwa pale unapoingia puani. Imesogea? Usimpe kitu. Haijasogea, vuta majimaji kidogo kwa bomba la sindano la mili 50 na uyapime kwa karatasi ya asidi uliyopewa hospitali, isome 5.5 au chini yake. Kupuliza hewa na kutega sikio tumboni tulifundishwa zamani, lakini hakuaminiki, na chakula kikiingia kwenye mapafu kinaua.

Pitisha maji safi mili 30. Chomoa kisukumio cha bomba, mimina chakula, inua bomba kidogo juu ya tumbo, acha kishuke chenyewe. Mili 200 hadi 300 ziende kwa dakika 20 hivi, ukisukuma atatapika. Malizia kwa maji tena, funga, na abaki ameinuliwa kwa saa nzima. Akikohoa sana, akihema kwa shida au midomo ikibadilika rangi, simamisha na mkimbize hospitali.

Dawa zisage moja moja na uzipitishe kwa maji, mbali na chakula. Vidonge vinavyoachia dawa polepole, morfini ya maumivu ya aina hiyo ikiwemo, visisagwe kamwe. Omba ya maji. Mpira ukiziba, tumia maji ya uvuguvugu, sukuma na kuvuta taratibu. Soda hapana, waya hapana.

Kinywa chake kisafishwe asubuhi na jioni ingawa hali kwa mdomo, na midomo ipakwe mafuta. Akiwa katika siku za mwisho, mwili wenyewe hukataa chakula, na kumjazia kunamtesa. Zungumzeni na daktari au watu wa tiba shufaa, wale wanaompunguzia mgonjwa maumivu na mateso, mapema, familia nzima ikiwepo, ili shangazi wa Dar asifike na kuanza kulaumu.

Mpira ukitoka, usiurudishe mwenyewe. Wa puani unaweza kuingia njia ya hewa. Wa tumboni, funika tundu kwa kitambaa safi, chukua kadi yake na mpira wenyewe, mwende hospitali saa ileile, usiku au mchana, kwa sababu tundu lile huanza kujifunga ndani ya saa chache.