Jinsi ya kujenga mti wa ukoo wa samaki gobi kwa DNA

Mwezi uliopita binti mmoja anayesomea sayansi ya bahari alinitumia picha ya mti wake wa ukoo, chini yake ameandika: "Kaka, hivi inawezekana huyu wetu wa mikokoni awe mbali na gobi wote kuliko hata samaki wa kundi la nje?" Huyu wetu ni Periophthalmus argentilineatus, yule mwenye macho ya juu anayerukaruka topeni maji yakishatoka. Kundi la nje ni samaki wasio gobi wanaowekwa kwa kulinganisha tu. Haiwezekani, nikamwambia. Tulishinda kwenye simu jioni mbili, mafaili yanakwenda na kurudi, mpaka tukaliona kosa. Lilikuwa lile lile lililonila siku tatu nilipoanza kazi hii, kwa hiyo nimeona bora niiandike njia nzima.

Kwanza, kwa nini tuhangaike na DNA? Gobi ni zaidi ya spishi 2,000, na maumbile yao yanapotosha. Wengi ni wadogo, mifupa imepungua, mstari wa ubavuni umetoweka au umebaki kidogo tu. Alama inayotajwa sana ni mapezi mawili ya tumboni yaliyoungana kuwa kikombe cha kunatia kwenye mwamba. Lakini huyo argentilineatus, ambaye yumo ndani kabisa ya ukoo huu, mapezi yake yametengana karibu kabisa. Ukipanga koo kwa kutazama mapezi peke yake utamweka asikostahili.

Utahitaji kompyuta ya kawaida na programu nne, zote za bure: MAFFT ya kupanga mifuatano, AliView ya kuitazama, IQ-TREE ya kujenga mti na FigTree ya kuuonyesha.

Hatua ya 1: Andika swali lako kwa sentensi moja

"Nataka mti wa gobi" si swali. Ukitaka kujua kama samaki wa topeni wa Chwaka, Zanzibar, na wa Mida, Kenya, ni spishi moja, jeni ya COI ya mitokondria, vinu vya nishati vya seli vyenye DNA yao wenyewe, inatosha kuanzia. Na ni swali zuri: utafiti wa Gianluca Polgar na wenzake wa 2014 ulionyesha kuwa jina P. argentilineatus linafunika nasaba zaidi ya moja.

Ukitaka kujua familia zilivyoachana zamani, COI peke yake itakuangusha. Herufi ya tatu ya kila kodoni, yaani kila kundi la herufi tatu za DNA, imebadilika mara nyingi mno, mpaka alama za zamani zimefutika. Ongeza jeni za kwenye kiini cha seli: rag1, zic1 na sreb2. Ainhoa Agorreta na wenzake walizitumia 2013, pamoja na 12S na 16S za mitokondria, na jibu walilopata mimi hulipenda sana. Gobi wa Ulaya hawatoki tumbo moja. Pomatoschistus minutus, samaki mdogo wa michangani, yuko karibu zaidi na huyu wetu wa mikokoni kuliko alivyo na Gobius niger anayeishi naye katika maji yale yale.

Hatua ya 2: Kusanya mifuatano

Mfuatano ni safu ya herufi za DNA za samaki mmoja. Pakua kutoka GenBank, hifadhi ya mtandaoni ya mifuatano, kwa muundo wa FASTA, yaani maandishi matupu yenye jina na herufi zake. Ukiwa na uchaguzi, chukua mfuatano ambao samaki wake amehifadhiwa makumbusho na namba yake imeandikwa, maana gobi hukosewa majina kila siku, na bila samaki mwenyewe huna pa kwenda kuhakikisha.

Mti mdogo wa kujifunzia mimi huujenga hivi: Rhyacichthys na Odontobutis kwa matawi ya chini kabisa, Eleotris fusca, Ophiocara, Periophthalmus wawili, argentilineatus na kalolo, Awaous, Pomatoschistus, Glossogobius giuris, Gobius niger. Kundi la nje: Kurtus na samaki mmoja wa Apogonidae. Weka na Milyeringa wa mapango ya kaskazini magharibi mwa Australia pamoja na Typhleotris wa mapango ya kusini magharibi mwa Madagaska. Hawa ni vipofu wote, bahari nzima iko kati yao, na Chakrabarty, Davis na Sparks walionyesha 2012 kuwa ni ndugu wa karibu. Maelezo yao ni kwamba babu yao alikuwepo kabla Gondwana, bara kubwa la kale la kusini, haijagawanyika.

Usishtuke ukimkuta Periophthalmus kwenye familia ya Gobiidae huku, Gobionellidae kule na Oxudercidae kwingine. Samaki ni huyo huyo. Christine Thacker alitumia Gobionellidae 2009, siku hizi wengi huandika Oxudercidae.

Majina yafupishe, usiache nafasi: Eleotris_fusca. Fanyia kazi hiyo kwenye kihariri cha maandishi matupu. Word usiifungulie faili la FASTA hata mara moja.

Hatua ya 3: Panga mifuatano, kisha uitazame kwa macho yako

Kupanga ni kuweka mifuatano sambamba, herufi zinazolingana zikae nguzo moja. Hapa ndipo pa kukaa.

Amri yenyewe ni mstari mmoja:

mafft --auto --adjustdirection coi.fasta > coi_panga.fasta

Neno --adjustdirection ndilo binti yule hakuliweka. Mfuatano wake wa argentilineatus ulisomwa maabara kwa upande wa kinyume, na hakuna aliyeugeuza. MAFFT usipoiambia, haiulizi. Inachukua mfuatano ulio kinyumenyume na kuulazimisha ukae sambamba na wengine, inatia vistari vya kujaza mapengo hapa na pale, halafu inamaliza bila onyo lolote. Kwenye mti, samaki huyo anapata tawi refu kuliko wote na kukimbilia nje, ng'ambo hata ya Kurtus. Ukiona tawi la namna hiyo, usianze kutunga nadharia ya mageuko. Rudi kwenye mpangilio.

Ukitumia --adjustdirection, kila mfuatano uliogeuzwa huongezewa _R_ mwanzoni mwa jina. Iondoe. Usipoiondoa, siku ya kuunganisha jeni kadhaa programu itaona _R_Periophthalmus na Periophthalmus kama samaki wawili, mmoja hana COI na mwingine hana rag1.

Sasa fungua faili kwenye AliView. COI ya gobi karibu haina nyongeza wala upungufu, kwa hiyo nguzo za herufi zisimame wima bila vistari katikati. Kistari kimoja kilichosimama peke yake katikati ya jeni ni dalili kwamba mashine ilisoma vibaya. Rudi kwenye faili la awali la maabara, utazame vilima vya rangi vinavyoonyesha mashine ilivyosoma kila herufi mahali hapo.

Baada ya hapo geuza kodoni ziwe asidi amino. Kabla ya kubonyeza chochote, chagua jedwali la mitokondria ya wanyama wenye uti wa mgongo, namba 2. Binti yule, baada ya kuurudisha mfuatano wake upande sahihi, alitumia jedwali la kawaida. Akaona nyota za kikomo zimetapakaa kote. Akaamini kwamba amepata nakala bandia za jeni zilizohamia kwenye kiini, na alikuwa karibu kufuta data yote. Tatizo ni kodoni TGA. Kwenye jedwali la kawaida maana yake ni "simama", ila kwenye mitokondria ya samaki ni triptofani, herufi W.

Kipande cha COI kinachosomwa kwa kawaida, chenye herufi kama 650, mara nyingi huanza kusomeka kwenye herufi ya pili, si ya kwanza. Ukipatia, mwanzoni utaona LYLVFGAWAGMVG. Ile W ya katikati mara nyingi ni TGA, kwa hiyo kwenye jedwali baya pale pale patakuwa na nyota. Mimi huanza kwa kuitafuta W hiyo.

Kanuni ninayoifuata: nyota zikiwa kwenye mifuatano yote, kosa ni lako, yaani jedwali au mahali pa kuanzia. Zikiwa kwenye mmoja tu, mshuku huyo mmoja. Huenda ni nakala bandia kweli, huenda umesomwa vibaya. Upeleke BLAST, chombo cha mtandaoni cha kutafuta mifuatano inayofanana, uone unafanana na nani, maana nimewahi kukuta "gobi" ambaye mfuatano wake ulikuwa wa binadamu. Mfuatano wa namna hiyo uondoe, usiurekebishe kwa mkono.

Programu za kukata kingo zenyewe siziamini kwa jeni fupi kama hii. Kata kwa macho.

Hatua ya 4: Jenga mti

Gawa COI kwa nafasi za kodoni kwenye faili dogo la NEXUS, la maandishi ya kuieleza programu sehemu hizo, kisha:

iqtree2 -s coi_panga.fasta -p sehemu.nex -m MFP+MERGE -B 1000

Kachemshe chai. Mti wa kuunganisha majirani kwa umbali tu haukufai kwa koo za zamani namna hii.

Hatua ya 5: Weka mzizi

Mti wa IQ-TREE hauna mzizi, hata kama picha inaonyesha upo. Fungua faili la .treefile kwenye FigTree, bonyeza tawi la kundi la nje, kisha uweke mzizi hapo. Ukisahau, samaki wa kwanza kwenye faili lako ataonekana kama babu wa wote.

Hatua ya 6: Soma namba

Namba zilizo kwenye matawi hupima uhakika wake. Kwa -B, bootstrap ya haraka ya IQ-TREE, namba ya 95 kwenda juu ndiyo ya kutegemea. Hapa 80 haina uzito wa 80 ya bootstrap ya zamani. Tawi lenye 60 liandike kama halijajulikana.

Mti wa binti yule ulitulia jioni ya pili: argentilineatus amerudi kando ya kalolo, Pomatoschistus na Awaous wako tawi lao, Glossogobius na Gobius upande wa pili. Matawi ya chini, walipo Eleotris na Ophiocara, bado yana namba ndogo. Sasa hivi anapakua rag1.